Maji Chini ya Kitanda

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa napiga deki chumba cha watoto, dekio likagonga kitu chini ya kitanda, kikabingirika hadi ukutani. Nikainama. Kulikuwa na chupa zimepangwa mstari, zile za lita moja na nusu zinazobaki baada ya safari, zimejazwa maji ya bomba hadi shingoni na kufungwa barabara. Kila chupa ilikuwa na kipande cha karatasi ya daftari, na juu yake tarehe kwa mwandiko wa binti yangu.

Nikamwita. Alipoona nimepiga magoti pale, akasimama mlangoni.

"Ya nini haya, mama?" nikamuuliza.

"Akiba."

"Akiba ya nini, na maji si yanatoka?"

Akatazama dirishani, upande wa mlima. Asubuhi ile Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa wazi. "Theluji ikiisha, maji nayo yataisha. Imebaki kidogo. Nimeanza mapema."

Ana miaka kumi.

Sikuzitoa. Nilimwomba tu anisaidie kuzisogeza nipitishe dekio, kisha tukazirudisha pamoja, yeye akihakikisha tarehe zinafuatana. Lakini wiki zilizofuata, nikiwa napika, nikiwa kwenye daladala, nikiwa kazini, mawazo yalirudi pale pale. Watoto huogopa mambo mengi, na hofu peke yake isingenishangaza. Kilichonikaa rohoni ni utulivu wake. Hakulia, hakuuliza, hakunifuata jikoni kuniambia kuna jambo linamsumbua. Alisikia habari, akapiga hesabu kichwani, akaona hatari inakuja, akatafuta chupa.

Katika hesabu yake hakukuwa na mtu mzima hata mmoja.

## Wanaotusikiliza

Mtoto wa Moshi hangoji televisheni imletee habari za mlima. Anaamka nazo.

Binti yangu alikuwa mdogo sana Oktoba 2020 moto ulipowaka kule juu, lakini anaukumbuka. Usiku tulikaa uani kwa babu yake, Uru, kwenye miteremko ya mlima, tukitazama mstari mwekundu ukitambaa gizani. Karibu kilomita za mraba 95 ziliungua. Desemba 2023 simu zetu zilijaa picha za tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang. Aprili 2024 mvua ziligeuka mafuriko na watu wakafa humu humu mkoani kwetu. Hayo yote yamepita mbele ya macho ya mtoto ambaye bado anahesabu kwa vidole.

Na juu yake kuna maneno yetu. Wazee wakikaa na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, lazima mmoja aonyeshe mlima kwa kidevu: zamani nyeupe ile ilishuka hadi kule, leo tazama. Mwingine anaongeza kwamba hawa watoto watakuja kuona jangwa hapa. Tunatikisa vichwa, kisha tunahamia bei ya kahawa na harusi ya mtoto wa fulani. Mtoto aliyekaa pembeni akitafuna muwa hahami. Yeye amebaki na jangwa.

Simlaumu mwalimu wake. Kufundisha kwamba barafu ya Kilimanjaro inapungua ni kufundisha kweli, na ningesikitika kama asingefundisha. Ninachojiuliza ni nani anabaki na mtoto baada ya kengele ya kutoka.

## "Hayo ni ya watoto wa Ulaya"

Nilipomsimulia mwenzangu mmoja kazini, alinisikiliza vizuri kisha akasema, dada, haya mambo ya mtoto kukosa raha kwa sababu ya tabianchi ni ya wenzetu walioshiba. Wa kwetu wanawaza ada na chakula.

Sikumjibu siku ile, kwa sababu nilitaka kwanza nijue kama ana haki.

Mwaka 2021 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliowauliza vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25, katika nchi kumi, wanavyojisikia kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno. Zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinawagusa katika maisha ya kila siku. Tanzania haikuwemo, kwa Afrika iliulizwa Nigeria peke yake, na wale si watoto wa miaka kumi. Lakini tazama zilikoangukia namba. Ufini, nchi tajiri ya kaskazini, wenye wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 44. Ufilipino, ambako vimbunga hung'oa mapaa mwaka baada ya mwaka, walikuwa asilimia 84.

Kwa hiyo shibe haielezi hofu hii. Anayeishi karibu na hatari ndiye anayeiogopa zaidi, kama ilivyo kwa kila hatari nyingine.

Hata hivyo mwenzangu alikuwa na neno ambalo sikuweza kuliweka kando. Kwetu hofu hii haiji peke yake. Ukame wa mwaka 2021 kuingia 2022 uliua mifugo mingi Simanjiro. Mtoto aliyeona ng'ombe wa baba yake wakilala mmoja mmoja bila kuamka haogopi kesho, anaomboleza jana. Ukienda kumfundisha kupumua taratibu wakati nyumbani hakuna unga, umemkosea heshima. Kwake msaada unaanzia kwenye unga na daftari, kisha mazungumzo. Na huenda hatasema kamwe kwamba ana wasiwasi wa mazingira. Atasema tumbo linauma.

## Mvua ya alfajiri

Rafiki yangu anaishi Arusha na ana mtoto wa kiume wa miaka saba. Aprili 2024 gari dogo la wanafunzi lilisombwa na maji ya mvua korongoni, upande wa Muriet, watoto wakapoteza maisha. Mtoto wa rafiki yangu hakuwemo, wala hakuwajua waliokuwemo. Lakini naye anapanda gari linalofanana na lile kila siku ya shule. Tangu hapo, mvua ikianza alfajiri, alikuwa anatapika kabla ya chai.

Huyu utamwambiaje asiogope? Jambo lilitokea, na lilitokea kwa watoto kama yeye, barabarani kama barabara yake.

Mama yake alifanya kitu ambacho nimekifikiria mara nyingi tangu aliponisimulia. Alimshika mkono wakaenda kwa dereva, jioni, gari limeegeshwa. Akasema, "Shikamoo kaka, mwanao ana swali." Mtoto akauliza: maji yakiwa barabarani unafanyaje? Dereva akachuchumaa wakalingana macho. Akamwambia: yakiwa yanapita juu ya barabara, hata kama yanaonekana kidogo, mimi nasimama. Nageuza gari tunarudi kwenye mwinuko, nampigia mama yako. Sivuki.

Kuna namba nyuma ya ahadi hiyo, na kila mzazi anapaswa kuzijua. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30 yanaweza kuanza kuliinua na kulisukuma gari dogo. Yakifika 60 yanabeba magari mengi ya kawaida. Dereva akiyajua haya, na wazazi wakawa hawamgombezi kwa kuchelewa, mtoto ana sababu ya kweli ya kutulia.

Ndipo wazazi wa gari lile wakakaa na shule. Wakakubaliana kwamba asubuhi ya mvua kubwa hakuna mtoto atakayechapwa wala kuandikwa mchelewaji, na hakuna mzazi atakayempigia dereva kumharakisha. Hayo yote yalianzia kwa mtoto mmoja aliyekuwa anatapika, na hakuna aliyesema anadeka.

Bado mvua ya usiku inamwamsha. Lakini sasa akiamka ana swali la kuuliza: "Mama, leo dereva ni yule yule?"

Angalia kilichobadilika. Mvua ni ile ile na korongo ni lile lile. Watu wazima ndio walioingia ndani ya hofu yake, kila mmoja na kazi yake, naye anawajua.

## Maji yanatoka wapi

Kwangu mimi kazi ilikuwa tofauti, kwa sababu binti yangu alikuwa anaogopa kitu ambacho, jinsi alivyokielewa, hakiko hivyo.

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mito yetu ni theluji iliyoyeyuka. Inaonekana hivyo kwa macho: nyeupe juu, maji chini. Niliposoma kwa utulivu niliona picha nyingine. Kule juu kabisa mvua na theluji ni chache sana. Kileleni ni kukavu. Barafu yenyewe, kwa sehemu kubwa, inapigwa na jua na kugeuka mvuke bila kupitia kuwa maji, kwa hiyo inayofika mtoni ni kidogo. Mvua nyingi zinaangukia ukanda wa msitu, ambako upande wetu wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mara mbili au zaidi ya tunazopata mjini Moshi. Juu ya msitu kuna ukungu, na miti yenye ndevu za kijani huunasa ukungu ule na kuudondosha ardhini. Kutoka hapo maji yanazama, yanatembea chini ya miamba, yanaibuka kwenye chemchemi.

Msitu ndio tangi letu.

Niliamua nisimwambie haya mezani. Tulipanda Uru kwa babu yake, baba yangu, na baada ya chakula nikamwomba mzee atupeleke tulikoanzia sisi kuchota maji utotoni. Tulipita katikati ya migomba na miringaringa, tukafuata mfongo kwenda juu, maji yakija kinyume chetu. Wageni watasamehe, mfongo ni ule mfereji wa kale wa Wachaga. Ipo mamia mlimani na mingine ni mikongwe kuliko kumbukumbu ya ukoo wowote. Babu alikuwa anamwonyesha kwa fimbo: huu unatoka mtoni, mto unatoka msituni, msituni mvua hainyeshi tu, inakaa.

"Na theluji?" binti yangu akauliza.

"Theluji iko mbali," babu yake akasema. "Maji yako haya ni ya miti."

Nilimwona akihesabu upya. Uso wake ulilegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu. Nikadhani tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Tulipokuwa tunarudi akasimama. "Kwa hiyo theluji ikiisha ni sawa tu?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimeshughulikia nusu ya jambo. Alikuwa na hofu ya kukosa maji, na hofu hiyo ukweli uliweza kuishusha. Lakini chini yake kulikuwa na huzuni. Anaupenda mlima ule. Anapoamka anauangalia kabla hajanawa uso, anautangaza kwa wenzake ukijitokeza baada ya siku za mawingu, anauchora kila anapopewa karatasi. Huzuni haiondoki kwa kuambiwa maji yapo.

Akauliza tena: "Nitakapokuwa kama wewe, itakuwepo?"

Ningeweza kumpoza. Nilitaka. Nikamwambia ninachokijua: mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 12 hivi, mwaka 2007 ilikuwa imebaki chini ya mbili. Kwamba mwaka 2002 wanasayansi wakiongozwa na Lonnie Thompson wa Marekani walikadiria iliyobaki ingeisha kati ya mwaka 2015 na 2020, na haikuisha, bado ipo, yeye mwenyewe aliiona asubuhi. Kwamba mwaka 2022 UNESCO ilisema huenda ikatoweka ifikapo 2050. Waliokadiria walikosea mwaka, hawakukosea inakoelekea.

"Kwa hiyo labda hapana," akasema.

"Labda hapana, mama. Au kidogo sana."

Akalia. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akililia jambo hili.

Babu yake hakumwambia nyamaza. Alikaa kwenye ukingo wa mfongo akamvuta karibu, akasema, "Na mimi inaniuma. Nilipokuwa kama wewe ilikuwa inashuka upande ule wote. Mimi na rafiki zangu tulidhani haiwezi kuisha." Kisha akaanza kumsimulia habari za rafiki hao, na kwa muda mrefu hawakuzungumza habari za barafu kabisa.

Nimesikia watu wakisema mzazi asionyeshe huzuni yake mbele ya mtoto kwa mambo kama haya. Sikubaliani tena. Mtoto akimwona mtu mzima ameumia na bado amekaa, anapumua, anasimulia, anajua kwamba hili jambo linabebeka. Anachopaswa kukingwa nacho ni mtu mzima aliyepoteza matumaini na kumtwika yeye.

## Mche wa mparachichi

Kwa hiyo nafika kwenye kitu kinachonikera.

Kwenye sherehe za mazingira tunawasimamisha watoto juani, wanaimba kwamba wao ndio watakaoiokoa dunia, wageni wanapiga makofi, kila mtoto anapewa mche. Kisha wageni wanaingia kwenye magari.

Mtoto wa dada yangu, darasa la tatu, alipewa mche wa mparachichi namna hiyo. Aliambiwa miti huleta mvua. Akaupanda nyuma ya nyumba, akaumwagilia. Jua la Januari na Februari likauzidi nguvu. Alipoona umekauka aliung'oa akaufukia na kiriba chake, asimwambie mtu. Mwaka ule masika yalichelewa kidogo, naye akaamini yamechelewa kwa sababu yake. Aliniambia mimi, mama yake mdogo, kwa sauti ya chini sana, tukiwa tunasubiri bajaji.

Mtoto wa miaka minane alikuwa amebeba masika ya mkoa mzima.

Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, miche mingi hufa, hata ya mabwana miti wenye shahada. Ndiyo maana hupandwa mingi na kupandwa mvua zinapoanza. La pili, mvua ya masika inatoka Bahari ya Hindi, ni kubwa mno kuzuiwa na mche mmoja nyuma ya nyumba yetu. Alicheka. Kisha akaonyesha alipoufukia.

Mtafiti mmoja wa Sweden, Maria Ojala, amechunguza kwa miaka jinsi watoto na vijana wanavyokabiliana na hofu ya tabianchi. Aliona jambo ambalo wenye kampeni wangepaswa kulisoma taratibu. Kati ya watoto wa miaka 12 hivi, wale waliolikabili tatizo kwa kujikaza kutafuta la kufanya, bila kingine, walijali sana lakini pia walielekea kuwa na hisia nzito zaidi. Waliokuwa na nafuu ni wale walioweza kuona maana: wanaoamini kwamba wapo watu wengine wanalishughulikia, wanaoweza kuitazama hatari na bado wakaona mema upande wa pili. Matendo peke yake hayakuwa dawa. Matendo pamoja na kuwaamini wengine, hapo kuna kitu.

Ndiyo maana sipingi miche. Napinga mtoto kuachwa peke yake na mche. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe aliyefariki Oktoba 2025, aliliona hili mapema hapa hapa kwetu: mwaka 1991 alikaa barazani kwake Dar es Salaam na wanafunzi 12 wa sekondari waliokuwa wanasumbuliwa na mambo ya mazingira, wakaanzisha Roots & Shoots, programu ya vijana ya mazingira ambayo leo iko katika nchi nyingi duniani. Walikaa kikundi, wakachagua wenyewe la kufanya, na mtu mzima alikuwa amekaa nao.

## Mambo ya nyumbani

Nitapita haraka kwenye machache ambayo kwetu yamesaidia.

Video za mafuriko na moto haziangaliwi usiku mbele ya watoto, na kwa walio chini ya miaka saba haziangaliwi mbele yao kabisa. Mtoto mdogo akiona tope lile lile mara ishirini kwenye simu, hajui kwamba ni tukio moja. Kwake vijiji ishirini vimefukiwa. Wa miaka minane hadi kumi na miwili wanataka kujua mambo yanavyofanya kazi, kwa hiyo waonyeshwe chemchemi, mtaro, banio linaloingiza maji mferejini, msitu wa Rau, dampo la takataka pia. Wakubwa wa sekondari mara nyingi wana hasira kuliko hofu, wanauliza nani alikata miti ile na nani aliruhusu. Waachieni waulize. Wana haki ya majibu, na wakati mwingine majibu hayo hatutayapenda.

Swali linalofungua mdomo, kwa uzoefu wangu, ni "umesikia nini?" Ukianza na "unaogopa nini?" mtoto anajitetea. Ukimuuliza alichosikia anakusimulia, na humo ndani unakuta chupa zake.

Na ipo hofu inayozidi uwezo wa nyumbani. Mtoto asipolala wiki kadhaa, akiacha kula, akikataa shule, au akianza kusema hana haja ya kuishi, usingoje. Mpeleke hospitali aonane na mtaalamu wa afya ya akili kama ambavyo ungempeleka akiwa na homa isiyoshuka. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Hakuna aibu humo.

## Kusafisha mfongo

Tangu siku ile ya Uru, binti yangu amekuwa na maswali ya aina nyingine. Anataka kujua nani anahusika na nini. Moto ukiwaka nani anapanda kuuzima? Ukanda wa nusu maili, ule wa msitu unaopakana na vihamba, mashamba yetu ya migomba, nani anaulinda usiku? Kwa nini mfongo wa jirani umekauka na wetu haujakauka? Baadhi nimeyajibu. Mengine nimempeleka kwa wanaojua, na mmoja wao, kijana aliyewahi kupanda na wenzake kuzima moto, alikaa naye kwa karibu saa nzima akimchorea chini kwa kijiti jinsi wanavyokata njia ya kuzuia moto usiruke.

Swali la mfongo wa jirani alijibu babu mwenyewe. Umekauka kwa sababu watu wake wameacha kuusafisha. Vijana wamehamia mjini, banio limebomoka, kila mwenye kihamba anangoja mwenzake. Wetu unatoa maji kwa sababu kila mwaka kabla ya masika watu wa mfongo wanaitwa, wanatoa matope na majani, wanaziba mianya, na asiyefika anatozwa faini.

"Na mimi nije," binti yangu akasema.

Baba yangu alinyamaza kidogo, na nilijua kwa nini. Zamani mfongo ulikuwa kazi ya wanaume. Wanawake hawakufika kwenye banio, na mimi mwenyewe nilikua nikichota maji ya mfongo ule miaka yote bila kuwahi kuona yanapoingilia. Mzee ni mtu wa mila na sikumhimiza. Alimtazama mjukuu wake, akauliza kama anajua kwamba maji ya kule juu ni ya baridi sana na kwamba kazi inaanza kabla ya jua.

Akasema anajua.

"Haya. Nitazungumza na mwenyekiti wa mfongo."

Amezungumza naye. Mwenyekiti alikuwa na wasiwasi, wazee wawili walipinga, mmoja akasema kama watoto wa kiume hawaji basi aje anayekuja. Siku imepangwa, ni Jumamosi, na wito umetoka kwa kaya zote za mfongo. Tunalala Uru Ijumaa. Mimi naenda pia, na dada yangu anakuja na mwanawe wa darasa la tatu, ambaye ameuliza kama kule juu kuna mahali penye kivuli na maji ya kutosha kupanda mparachichi mwingine. Babu amesema papo, ila wasubiri mvua ya kwanza ishike.